Moshi wa Maabara

Gaspard alikuwa fundi seremala huko Nyakasanza, Bunia. Mkewe, Geneviève, aliuza sombe, yaani majani ya muhogo, mbele ya nyumba. Mtoto wao wa kwanza ni Plamedi, kwa hiyo majirani walimwita mama huyo Mama Plamedi. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na ukuta mrefu. Ndani yake mlikuwa na maabara, ambamo watafiti walipima mawe ya dhahabu kwa asidi kali. Hakuna aliyewaeleza majirani hatari yake.

Mtaani kwetu nyumba ikiungua, hatungoji kuitwa. Tunaingia na kutoa vitu vya mwenzetu. Ni desturi nzuri, na ndiyo iliyomuua Gaspard.

Asubuhi moja maabara ilishika moto. Wanaume waliingia mbio. Gaspard alitoa meza, akarudi, akabeba dumu la asidi. Dumu likapasuka. Moshi wa rangi ya kahawia ukamfunika. Akatoka akikohoa.

"Weye uko muzuri?" Geneviève alimuuliza.

"Niko muzima. Ni kukohoa kidogo tu."

Geneviève alimpa maziwa, kama wengi wanavyofanya mtu akivuta sumu. Gaspard akarudi kwenye randa yake. Jioni pumzi zikambana. Alifia kwenye pikipiki, kabla ya kufika hospitali.

Falone, msimamizi wa usalama wa maabara, alikuja matangani. Aliketi mkekani karibu na mjane.

"Mama Plamedi, pole sana. Ile moshi ya labo inadanganya. Mutu anajisikia muzuri, kisha nyuma ya masaa mapafu inajaa maji. Maziwa haisaidie. Apelekwe hospitali palepale, hata kama anasema iko muzima."

"Ukuta yenu iko hapa miaka ngapi?"

"Tano."

"Na siye tuko hapa miaka yote ile. Juu ya nini ulingoja mpaka leo ndio useme?"

Falone aliinamisha kichwa. "Tulifikiri ukuta inatosha. Tulikosa."

"Basi usiambie miye peke yangu. Ambia batu yote."

Asubuhi moja Falone aliwakusanya majirani uwanjani. Akawaonyesha king'ora kipya. Kikilia, mtu asiingie kutoa kitu. Watu waende upande upepo unakotoka, wasifuate moshi. Wapige simu namba iliyoandikwa getini. Wenye barakoa za gesi na mafunzo ndio wataingia. Wafanyakazi wakitoka wahesabiwe, na aliyevuta moshi apelekwe hospitali. Halafu wakafanya mazoezi. Vijana wengine walicheka. Geneviève hakucheka.

Kiangazi kilichofuata moto uliwaka tena. King'ora kikalia. Fiston, mdogo wa marehemu, alikimbilia getini. Geneviève akamkamata shati.

"Shemeji, vitu ya batu inaungua."

"Acha iungue."

Watu wote walisimama upande wa upepo na kutazama paa likianguka. Emery, mfanyakazi wa maabara, alikuwa amevuta moshi. Alisema yuko mzima. Geneviève na majirani walimpandisha gari bila kumsikiliza. Jioni alishindwa kupumua, lakini oksijeni ilikuwa karibu na kitanda chake. Alipona.

Mke wa Emery alileta kuku kushukuru. "Mama Plamedi, umeniokolea bwana."

Geneviève alimpokea kuku. Alimfurahia mwanamke yule, na alimwonea wivu.

"Aksanti, mama," alisema. "Yote ile walitufundisha kwa asubuhi moja. Miaka tano nzima, ile asubuhi waliikosa."