Nimefika, Nimegusa

Mama Mhuri hakuwa mtu mbaya. Nimeishi naye mlango kwa mlango miaka tisa, naweza kulisema hilo bila kumung'unya maneno. Alikuwa mkaguzi wa majengo ya kale katika ofisi ya mji. Mtu akitaka kutundika bango la taa kwenye jumba la zamani, au hata kando yake, lazima karatasi zake zipite mezani kwa mama huyu. Alipima ukubwa wa bango, akauliza ukali wa mwanga, akaangalia bolti zitaingia wapi. Akiridhika, aligonga mhuri kwa nguvu mpaka kikombe cha chai kikaruka, na jina likamganda.

Fomu ya kibali ilikuwa na kipengele kimoja cha ajabu, cha saba. Kiliwekwa na mkaguzi aliyemtangulia, mzee aliyenuka chokaa, ambaye sasa ni marehemu. Kilitaka mkaguzi afike mwenyewe kwenye jengo, auweke mkono mtupu ukutani, ahesabu mpaka mia, ndipo aandike: Nimefika, nimegusa, ukuta ni mkavu. Ofisini walikicheka mpaka machozi. "Kwani ukuta una homa?" Mama Mhuri aliwahi kuuliza, na wenzake wakashika mbavu.

Jumanne moja asubuhi, siku ya kawaida kabisa, mdogo wake alimjia ofisini. Alikuwa fundi wa mabango ya taa, baba wa watoto watatu, mtu wa mikono myepesi na maneno mengi.

"Dada, lile bango la duka la dawa. Dokta mwenye duka anasema kibali kisipotoka leo anamchukua fundi mwingine."

"Jengo lenyewe sijaenda kuliona."

"Picha hizi hapa. Ukuta mweupe, safi. Ukienda utaona nini zaidi?"

Mama Mhuri akazitazama picha kwenye simu, akamwambia mdogo wake aende zake, atapita mwenyewe kuugusa ukuta kabla ya jioni. Nje jua lilikuwa kali, na viatu vyake vilikuwa vipya. Jengo lilikuwa mitaa miwili tu kutoka pale. Mitaa miwili! Mimi nikifika hapa kwenye hadithi hii huwa natamani kutema mate. Faili la zamani la jengo lilikuwa kabatini, limefungwa kamba, na hakulifungua. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri: Nimefika, nimegusa, ukuta ni mkavu. Akashika mhuri kwa mkono wa kulia, ule wenye kovu kwenye kidole gumba, alikokatwa na kopo la maziwa utotoni. Kikombe kikaruka.

Kesho yake mdogo wake alipanda ngazi na drili. Tundu la kwanza lilitoa vumbi jeupe. La pili lilitoa vumbi bichi. La tatu lilitoa uji wa kijivu uliong'ang'ania drili na kunuka mdomo wa mgonjwa asiyepiga mswaki. Fundi akajifuta kwenye suruali, akatoboa la nne. Bolti ziliingia bila nyundo. Alizisukuma kwa kidole, ukuta ukazipokea. Bango likawaka kijani, Dokta akalipiga picha, na kila mtu akaenda zake.

Haikupita wiki, wateja wa duka la dawa wakaanza kulalamika. Kuna kitu kilikuwa kinawadondokea mlangoni. Mafuta meupe, mazito. Mama mmoja yalimwangukia kichwani, akaosha nywele mara nne, mwisho akanyoa. Dokta akamwita fundi aje kurekebisha.

Fundi akafungua kifuniko cha bango. Ndani mlikuwa mmejaa mafuta, nusu yameganda, yana uvuguvugu. Mlikuwa na nywele. Mlikuwa na vitu vidogo vyembamba ambavyo alidhani ni mabawa ya wadudu, kisha akaona ni kucha. Akatapika kutoka juu ya ngazi. Halafu, kwa kuwa kazi ni kazi, akatia mkono asafishe.

Akauchomoa haraka. "Kuna kitu kimenishika," akamwambia Dokta, akijaribu kucheka.

Jioni ile mkono ulikuwa mweupe, umenyauka kama wa mtu aliyefua kutwa nzima. Siku ya pili ngozi ilianza kuteleza akiishika. Siku ya tatu kucha zikang'oka, moja baada ya nyingine, bila tone la damu. Wodini walimfunga bandeji, na bandeji zikalowa mafuta. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliomba kuhamishwa kwa sababu ya harufu. Daktari alimweleza Mama Mhuri kwamba vipimo havionyeshi chochote, lakini ugonjwa unapanda. Ukifika kwenye kiwiko, watakata mkono.

Ni mkono wa kulia. Mkono uliolisha watoto watatu.

Mama Mhuri alikaa kando ya kitanda akijikaza asizibe pua. Mdogo wake akamsogelea sikioni.

"Dada, hauumi hata kidogo. Hicho ndicho kinachonitisha." Akautazama ule mkono wa bandeji. "Ulipougusa wewe ule ukuta, ulikuwa na joto?"

Angeweza kusema kweli. Walikuwa wawili tu.

"Sikuhisi kitu," akasema.

Alitoka pale akijichukia. Alikwenda ofisini moja kwa moja, akalitoa faili kabatini, akakata kamba. Mlikuwa na maombi matatu ya zamani ya bango kwenye jengo lile lile. Yote matatu yalikataliwa na yule mzee, kwa maneno yale yale: Nimefika. Nimegusa. Nao ukanigusa. Usitobolewe.

Matundu yasingeweza kuzibwa bila fomu ya kufuta kibali, na fomu ya kufuta ilikuwa na kipengele kile kile cha saba. Mama Mhuri akaichukua, akavuka mitaa miwili kwa miguu.

Ilikuwa saa sita mchana. Watu walipita na mizigo yao, redio ililia dukani. Fundi mwingine alilishusha bango akiwa amejifunga kitambaa puani, akaacha ngazi na kukimbilia uchochoroni kutapika. Matundu manne yalikuwa wazi, yamelowa kwenye kingo. Mama Mhuri akapiga moyo konde. Akapanda. Akaweka kiganja kitupu katikati ya matundu, akaanza kuhesabu.

Kumi. Plasta ilikuwa na unyevu.

Thelathini. Ilikuwa na joto.

Hamsini. Ililainika, na mafuta yakampenya katikati ya vidole.

Themanini. Upande wa pili kulikuwa na kiganja.

Kilimkaa sawasawa, kidole kwa kidole. Hakikubana. Kilimpapasa tu, taratibu, mstari kwa mstari. Kikafika kwenye kovu. Kikakaa hapo.

Mia. Hakikumwachia.

"Nimefika," alinong'ona, machozi yakimtoka. "Jamani, nimefika."

Kilimwachia alipofika mia na kumi.

Matundu yakazibwa kwa chokaa siku hiyo hiyo. Mkono wa mdogo wake ukakauka kwa siku mbili, ngozi ikashika, kucha zikaanza kuchomoza. Daktari akazisifu dawa zake. Dada mtu akalia kwa furaha kwenye korido ya hospitali, na sabuni aliyonawia mikono wiki ile ingetosha familia nzima mwezi.

Jumatatu akarudi kazini. Mlangoni pao kuna mashine ya mahudhurio, unaweka kidole gumba inaandika umefika saa ngapi. Akaweka. Ikakataa. Akafuta kidole, akaweka tena. Ikakataa. Ndipo akautazama mkono wake vizuri chini ya taa. Kiganja kilikuwa laini kama sahani, hakina mstari hata mmoja. Kovu halikuwepo.

"Usihangaike, mama," karani akamwambia bila kuinua macho kwenye kompyuta. "Mbona umeshaingia? Saa kumi na moja alfajiri. Jana pia, na jana ilikuwa Jumapili."

"Jana nilikuwa hospitalini kutwa."

"Kidole ni chako, mama. Mashine inasoma kidole."

Mama Mhuri akainama kwenye kioo cha mashine. Palikuwa na alama ya kidole gumba, ya mafuta meupe yaliyoganda, na unywele mmoja umenasa humo. Katikati yake lilipita kovu.

Aliacha kazi asubuhi ile ile, na mkoba wake akauacha mezani. Sasa ni mwezi wa nne tangu siku ile. Karani anasema wamekwisha kulifuta jina lake kwenye mashine mara mbili, na kila alfajiri bado anaandikwa amefika.