Saruji Juu ya Udongo

Jumamosi hiyo ya mwanzo wa Machi, kituo cha treni cha Exeter kilifurika watu na hakuna treni iliyokuwa ikiondoka. Bahari ilikuwa imeichapa reli ya pwani tangu alfajiri, na abiria walifanya kile ambacho watu wa huko hukifanya wakipatwa na balaa: walisimama kimya, wakashusha pumzi, wakaenda kununua chai.

Tamsin Luscombe alikuwa kwenye foleni ya pasti, zile sambusa kubwa za nyama na viazi. Alikuwa mwalimu wa udereva, miaka thelathini na tisa, mwenye koti la mvua la njano, buti nyekundu na sauti iliyozoea kusema "punguza, punguza, nimesema punguza." Mbele yake alisimama mwanamume mrefu mwenye sweta la kahawia lililochakaa viwiko. Alikuwa akiigonga nguzo ya kituo kwa kifundo cha kidole, anatega sikio, anagonga tena.

"Wenyewe hawapo," Tamsin akamwambia. "Jaribu mlango wa pili."

Mwanamume akageuka, akaiva uso mpaka masikio. "Samahani. Ni mazoea tu. Mimi ni mkaguzi wa majengo."

"Na nguzo inasemaje?"

"Haijambo. Itabaki imesimama hata sote tuliopo hapa tukishazikwa."

"Mwanamume mchangamfu kweli wewe! Mkeo anafaidi."

"Sina mke."

"Sikushangai."

Walipofika dirishani, pasti ilikuwa imebaki moja. Muuzaji akawatazama, wao wakatazamana. Wakaigawa nusu kwa nusu, wakaila wamesimama, na Tamsin akagundua kwamba mtu huyo alimwachia upande wenye nyama nyingi bila kusema neno. Jina lake lilikuwa Giles Endacott. Treni ilipokuja saa tisa alasiri, hakuna kati yao aliyeifurahia.

Baada ya hapo ikawa simu. Giles hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alipiga kila siku saa kumi na mbili jioni, kama taarifa ya habari.

"Umesalimika leo, kipenzi?"

"Kidogo tu. Mmoja kakanyaga mafuta badala ya breki, na mbele yetu kondoo."

"Kondoo je?"

"Mzima. Hujaniuliza mimi."

"Wewe nakusikia unafoka, basi mzima."

Jumapili walikula pamoja, kwake au kwa Giles: nyama ya kuoka, viazi na mchuzi mzito. Kufika Aprili, Tamsin alishaacha mswaki kwenye bafu la mwanamume yule, naye aliununulia kikombe. Kwa mtu kama Giles, hiyo ilikuwa hotuba.

Tamsin alikuwa na ndoto moja, nayo ilikuwa nyumba ya kijijini. Miaka kumi na sita alikaa kiti cha abiria pembeni ya watu waliotaka kumuua bila kukusudia, akidunduliza. Shangazi yake alipofariki akamwongezea kidogo. Fedha hizo, pamoja na mkopo wa benki, zingetosha nyumba moja tu, na mara moja tu. Akikosea, angerudi kupanga chumba juu ya duka la samaki, umri nao ukiwa hauchezi.

Siku alipoipata, hakungoja saa kumi na mbili.

"Nimeipata, Giles! Iko Hennacombe. Ya mwisho baada ya kanisa. Kuta za udongo, nene hivi, zimepakwa rangi ya waridi, paa la nyasi, na mti wa tufaha. Nimelia mbele ya dalali, aibu iliyoje."

Alisubiri shangwe.

"Giles? Umeanguka ngazini?"

"Nipo. Ni ya Bi Northcott hiyo?"

"Unamjua!"

"Namfahamu. Tamsin, usisaini chochote kabla haijakaguliwa."

"Benki itakagua."

"Benki haikagui. Benki humtuma mtu aangalie kama ikikudai itapata chake. Huyo hata garini hashuki, nakuapia."

Hilo ndilo kosa la watu wa nchi ile. Mtu anaipima gari kuukuu ya kununua kwa wiki mbili, anaipiga mateke magurudumu, anaingia mpaka uvunguni. Lakini nyumba itakayommeza maisha yake anaitembelea dakika ishirini, anasifia dirisha, halafu anasema benki imesharidhika. Tamsin naye alikuwa mmoja wao.

"Basi njoo uikague wewe," akasema. "Mimi nina mkaguzi wangu mwenyewe, tena wa bure."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Ni sheria ya kazi yetu. Siwezi kumkagulia mtu... mtu ninayemfahamu."

"Mtu unayemfahamu." Tamsin aliyarudia maneno hayo polepole. "Jumapili saba nakula mezani kwako, mswaki wangu uko bafuni kwako, na mimi ni mtu unayemfahamu. Kama Bi Northcott."

"Sikuwa na maana hiyo."

"Ulikuwa na maana gani?"

Giles akahema. "Mpigie Maureen Prowse, nakutumia namba yake. Mwambie unataka ukaguzi kamili, ule wa kurasa nyingi. Usikubali ule mfupi. Tafadhali."

Tamsin alikata simu akiwa na jibu lake tayari: mwanamume ameogopa. Nyumba imemwonyesha kwamba mwanamke huyu anapanga maisha, naye anajivuta pembeni taratibu, kwa kisingizio cha sheria. Hata hivyo alimpigia Maureen Prowse, kwa hasira zaidi kuliko kwa busara, na dalali alipomwambia kuna mume na mke kutoka London wanaoitaka nyumba hiyohiyo, akamjibu wasubiri.

Maureen Prowse alikuwa mama wa miaka sitini, ovaroli la bluu, tochi kifuani, magoti yenye vumbi. Aliingia nyumba ya Bi Northcott saa tatu asubuhi, na Tamsin alipofika saa tisa alasiri alimkuta bado yumo, anatoka darini kinyumenyume.

"Paa zuri," alisema. "Bomba la moshi limeinama, lakini liliinama kabla babu yako hajazaliwa, liache. Sakafu nzima. Sasa njoo huku nje."

Akampeleka ukuta wa kaskazini, kwenye kona isiyopata jua. Akabandika kipima unyevu, kikapiga kelele. Akakisogeza hatua mbili, kikapiga tena.

"Unasikia? Ukuta huu ni udongo na majani makavu. Udongo unaingiza maji na kuyatoa, ndivyo ulivyoishi miaka mia tatu. Halafu akaja mtu akaupiga lipu ya saruji. Ukipasuka ufa kama unywele, maji yanaingia na hayana pa kutokea. Kwa nje unauona mzuri, kwa ndani ni uji."

"Unaweza kuanguka?"

"Kona hii, ndiyo. Lini, siwezi kusema. Ila kama ungekuwa binti yangu, kitanda usingekiweka hapa."

Wakati huo Bi Northcott alitokea na sinia la chai na keki. Alikuwa na miaka themanini na moja, anahamia kwa binti yake Wales, na kila mtu aliyemjia, awe dalali au tarishi, alimwita mpenzi wangu.

"Ukuta huo msiuhofu, wapenzi wangu! Endacott mwenyewe ndiye aliyeupiga saruji, fundi hodari kuliko wote bonde hili. Yeye na kijana wake. Ni miaka ishirini na nne. Kijana siku hizi mtu mzima, mkaguzi huko mjini. Giles."

Kikombe cha Tamsin kilibaki hewani. Maureen Prowse akaiangalia keki yake kwa makini sana.

Tamsin hakufika hata barabara kuu kabla ya kuegesha gari na kupiga.

"Ulijua," alisema.

Giles hakuuliza alijua nini. "Nilijua."

"Nikakuuliza kwa nini, ukaniambia sheria."

"Sheria ipo kweli. Na sikuwa na uhakika, Tamsin, sijaugusa ukuta ule tangu nina miaka kumi na tisa. Sikuwa na ushahidi. Nilikuwa na aibu tu."

"Aibu ungeniambia! Aibu ningeielewa! Ningepuuza huo ukaguzi, je? Ningempa dalali kila nilicho nacho, wewe ukanyamaza na heshima yako?"

"Nilikuambia umpigie Maureen."

"Ulimtuma mama wa watu aseme kilichokukwama wewe."

Akakata, akaizuia namba. Akampigia dalali kumwambia nyumba haitaki tena. Siku hiyohiyo akapoteza vyote viwili, akarudi Exeter akiendesha kwa adabu kama mtu anayefanyiwa mtihani, huku machozi yanamtoka.

Wiki tatu zikapita. Saa kumi na mbili jioni ilifika kila siku na kukaa pale bila kazi. Ripoti ya Maureen ilikuja, kurasa sitini na moja, akaisoma garini kati ya mwanafunzi na mwanafunzi. Ilikuwa ripoti ya haki: haikuificha nyumba kasoro hata moja wala haikuizushia. Ukurasa wa arobaini ulisema ukuta unaweza kupona. Saruji ibanduliwe yote, udongo uachwe ukauke majira mazima ya joto, kona ijengwe upya, kisha upigwe chokaa. Aliusoma ukurasa huo mara nyingi kuliko alivyohitaji.

Mwishoni mwa Mei simu ikalia. Alikuwa Bi Northcott.

"Wale wa London wamekimbia, mpenzi wangu. Waliposikia udongo wakadhani ni ugonjwa. Lakini si hilo. Kuna mtu yuko juu ya ngazi ukutani kwangu tangu jana, na kikombe chako siku ile kiliniambia unamjua. Alikuja, akavua kofia, akasema, 'Bi Northcott, ukuta wako tuliuharibu sisi.' Hataki malipo. Na keki yangu haili. Njoo umwondoe au umlishe."

Tamsin alifika kwa dakika arobaini na hakukumbuka kona hata moja ya njia. Giles alikuwa juu ya ngazi na nyundo na patasi, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele mpaka viatu. Nusu ya kona ilikuwa wazi, na udongo wake mweusi, uliolowa, ulinuka kama pishi. Alipomwona akashuka.

"Sikuja kwa ajili yako," alisema. "Yaani, nakutaka, usiku na mchana nakutaka. Lakini hili ningelifanya hata usingekuja."

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Kwa sababu baba yangu ndiye fundi bora bonde lote. Kila mtu anasema hivyo. Wakati ule mafundi wote walipiga saruji, na yeye alipenda kazi yake. Nilipokwenda kusomea ukaguzi, somo la nyumba za udongo lilichukua mwezi mzima, na mwezi mzima nilikuwa naona ukuta huu. Sikuwahi kumwambia mtu. Ningekuambia wewe, ingekuwa kweli."

Tamsin akautazama ukuta, kisha akamtazama yeye. "Na baba yako anajua uko hapa?"

"Hapana."

"Kwa hiyo umemwambia aliye rahisi."

Maneno hayo yalimpata pale pale. Giles akafuta mkono kwenye suruali, akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya juu ili Tamsin asikie.

"Kuna nini?" Sauti ya mzee ilikuwa nzito, ya mtu aliyekatizwa kazi ya bustani yake.

"Baba, ule ukuta wa Bi Northcott. Saruji ile. Tulikosea. Kona ya kaskazini imeoza."

Kunguru walisikika kanisani.

"Nani kasema?"

"Mimi."

Tamsin alijikuta ameshika mguu wa ngazi.

"Ngazi uliyonayo ina urefu gani?" mzee akauliza.

"Futi kumi na mbili."

"Haitoshi. Usiguse kitu. Nakuja."

Simu ikakatika. Giles alibaki ameishika, na Tamsin, ambaye miaka kumi na sita hakuwahi kulia mbele ya mwanafunzi yeyote, alicheka na kulia kwa pamoja. Alimkumbatia na vumbi lake lote, koti la njano likawa la kijivu.

"Nitainunua," alimwambia. "Nimempigia Bi Northcott nikiwa njiani, amepunguza bei kwa kiasi cha gharama ya ukuta. Utakauka lini?"

"Ukibahatika, Septemba. Chokaa mwakani."

"Basi harusi mwakani, chokaa ikishakauka. Siolewi kwenye nyumba yenye unyevu."

Giles alimtazama kama mtu aliyejibiwa na nguzo. "Nilikuwa nataka kukuuliza mimi."

"Ungeuliza lini? Umri haunisubiri. Lakini nina sharti. Kila kasoro yako niisikie kwako kwanza. Anza."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Nakoroma."

"Hiyo naijua. Nyingine."

"Baba atataka kuja kila Jumapili, na atagombana na mchuzi wako."

"Aje. Nyingine."

Giles akaiangalia mikono yake. "Kila siku saa kumi na mbili nilikuwa nashika simu, najua umeizuia. Nilijua umeshaondoka kabisa, na bado nilipiga."

Tamsin alimfuta vumbi kwenye kope kwa kidole gumba.

"Nilikuwa nimeondoka kabisa," alisema. "Nimerudi."

Bi Northcott akafungua dirisha la jikoni kuwaambia chai inapoa, wakaingia ndani kumsubiri mzee.