Sauti Iliyoita Kwenye Theluji

Jumamosi moja wakati wa baridi kali, msichana Elmas aliamka mapema na kushuka zizini. Ng'ombe wao wawili walilala chini ya nyumba, na joto lao lilipanda hadi vyumbani. Aliwapa nyasi kavu, akazoa mavi, kisha akachukua koleo na kufungua njia kutoka mlangoni hadi barabarani, maana theluji ya usiku ilikuwa imefika magotini. Aliporudi ndani vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na bibi yake alikuwa ameshamwekea mkate wa mahindi, jibini iliyoyeyushwa kwa siagi, na chai.

Karibu na jiko, Ami Ilyas, ndugu wa marehemu baba yake, alikuwa akikaza kamba ya ubao. Pale kijijini Ortayurt kila mtoto alikuwa na ubao wake wa kutelezea. Ubao huo haufungwi miguuni. Unasimama juu yake, unashika kamba ya mbele kwa mkono mmoja, na mkono wa pili una fimbo ya kupunguzia mwendo. Karibu mbao zote za kijiji zilichongwa na Ami.

"Leo mnateleza wapi?" aliuliza Ami.

"Uwanja wa chini, kando ya msikiti."

"Sawa. Kule juu mlimani msikanyage. Upepo umegeuka tangu alfajiri."

"Hatuendi, Ami."

Nje walikuwa wanamsubiri rafiki zake wawili. Yakup alikuwa mtani wa darasa zima, na wiki nzima alikuwa akimwambia Elmas kwamba uwanja wa chini ni wa watoto wanaonyonya. Gulten alikuwa msichana makini, wa kuuliza jambo moja mara mbili.

"Ami yako amesemaje kuhusu kule juu?" aliuliza Gulten.

"Ameturuhusu."

"Ameturuhusu kweli?"

"Kweli. Amesema tu tusichelewe kurudi."

Chai ilikuwa haijashuka vizuri tumboni, na Elmas alikuwa ameshasema uongo kwa watu wawili. Moyo ulimsuta kidogo. Kisha akaona mteremko ulivyong'aa kule juu, akasahau.

Walipanda kwa muda wa saa moja na nusu, mbao mgongoni. Mteremko wa kwanza ulikuwa raha tupu. Yakup alianguka mara tatu, na kila mara akasema ardhi ndiyo iliyomsukuma. Wakapanda tena. Ilipokaribia saa saba mchana upepo ukanyamaza ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo. Halafu dhoruba ikashuka.

Muda mfupi tu, mbingu na ardhi zikawa kitu kimoja cheupe. Gulten alinyoosha mkono wake, akauona unaishia kwenye kiwiko. Walishikana, wakatambaa hadi kwenye mwamba mmoja, wakajibanza chini yake. Upepo ulikuwa ukija na kuondoka. Ulipoondoka palikuwa na ukimya mzito, ukimya wa theluji, ambao humfanya mtu asikie damu yake mwenyewe masikioni.

Katika ukimya huo sauti ikaita.

"Elmas!"

Ilikuwa sauti ya Ami Ilyas, ile ile, yenye mkwaruzo wa kikohozi.

"Si ami yako huyo?" alisema Yakup kwa furaha. "Mjibu basi."

Elmas hakujibu. Ami hakuwa na njia ya kujua kwamba wako huku. Aliambiwa uwanja wa chini, na kama angetoka kuwatafuta, angewatafuta huko. Basi huyu anayeita ni nani?

Wiki hizo ndizo za katikati ya baridi, wakati wazee wa Ortayurt husema jini aitwaye Karakonjolos anatembea mlimani. Hana sauti yake mwenyewe. Huchukua sauti ya mtu unayempenda na kukuita jina lako, na ukiitika, unamfuata. Elmas alikuwa ameyasikia hayo kando ya jiko mara nyingi, akayacheka. Sasa hakuona cha kuchekesha.

"Elmas! Elmas!"

"Usiitike," alinong'ona, akamziba Yakup mdomo. "Ni Karakonjolos."

Yakup akautoa ule mkono. "Mtu mzima na miaka yako kumi na miwili? Acha zako."

"Ami yako anajua tuko huku," alisema Gulten. "Si ameturuhusu mwenyewe? Kwa nini asije?"

Elmas peke yake kati yao watatu alijua kwa nini Ami hawezi kuja. Ili wamwelewe angelazimika kusema, na kusema hakuweza.

Sauti ikaita tena, safari hii kutoka upande wa pili. Yakup akaacha kucheka. Akajisogeza akakaa katikati ya wasichana, wala hakuna aliyemtania. Walikaa kimya, macho yamewatoka, huku sauti ikiwazunguka katika ule weupe. Ilikaribia hadi wakasikia theluji ikikanyagwa. Kisha ikaanza kwenda mbali, upande wa kushoto.

Upande wa kushoto kulikuwa na genge. Theluji ilikuwa imejitokeza juu ya ukingo wake, na anayeikanyaga hudhani yuko juu ya ardhi kumbe yuko juu ya hewa.

"Elmas," iliita sauti. Sasa ilikuwa imechoka, na ndani yake kulikuwa na kilio. Elmas alijiuliza kama jini hulia. Akajua pia kwamba, ikiwa yule ni Ami, hatua kumi zijazo zitamuua, na atakuwa ameuawa na mdomo wa Elmas mwenyewe.

Akasimama, akapiga kelele kwa nguvu zake zote.

"Ami, simama hapo hapo! Nilikudanganya! Tuko juu, chini ya mwamba! Genge liko mbele yako!"

Kukawa kimya. Kisha wakasikia kishindo kirefu cha theluji ikimeguka na kuporomoka bondeni.

Ilipita dakika nzima kabla mtu hajatokea kwenye ule weupe, ndevu zimeganda barafu, akitembea kwa kupapasa na fimbo. Ukingo ulikuwa umekatika hatua moja mbele ya viatu vyake.

Ami alifungua kamba za mbao zote tatu, akaziunganisha, akawafunga mmoja nyuma ya mwingine, wakashuka. Jioni, wakiwa wamejifunika mablanketi kando ya jiko, ndipo Elmas alipothubutu kuuliza.

"Ulijuaje tuko juu?"

"Nilikwenda uwanja wa chini. Theluji ilikuwa haina hata alama ya ubao mmoja." Ami alisogeza glasi yake ya chai. "Sasa nikuulize mimi. Ulinisikia?"

"Nilikusikia. Nilidhani si wewe, kwa sababu nilikuwa nimekudanganya."

"Shuleni wanawaambia kwamba mwongo haaminiwi. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu tu. Mwongo naye hawezi kuamini. Uliharibu ukweli asubuhi, na ukweli huo ulipokuja mchana kukuokoa, hukuutambua." Akatia kuni jikoni. "Nilikuita mara ngapi?"

Elmas aliinamisha kichwa. "Mara tisa."

"Tangu ya tatu bila kuitikiwa," alisema Ami, "nilikuwa naita maiti."