Kifungo Kimoja Tu

Vyote sita, jamani! Vifungo vyote sita vya koti la marehemu, mdogo wangu kavipeleka kwenye karata!

Ngojeni nivute pumzi. Mama yetu ni fundi cherehani. Mdogo wangu ana miaka kumi na miwili, tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki. Akitoka shule anavua sare, anafagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani, halafu huyo, mbio nyuma ya duka la kinyozi. Huko wamepindua kreti wakalifanya meza, na binti wa kinyozi, Kimya, ndiye anayegawa karata.

Mchezo wenyewe si mgumu. Unapewa karata mbili. Ukiziona mbovu unakunja, yaani unazilaza chini, hulipi kitu. Ukitaka kuendelea unaweka kifungo cha nguo. Karata nyingine zinafunuliwa katikati, na mwenye karata bora anazoa vifungo vyote. Kimya alikuwa akikunja mpaka wenzake wanamcheka. "Wewe umekuja kucheza au kukunja nguo?" Anatabasamu tu, anangoja karata nzuri.

Chiriku wetu je? Kukunja hakujui. Amepata mbili na saba, anaingia. Tatu na tisa, anaingia. "Kifungo kimoja tu," anasema, "nani ajuaye kitakachofunuliwa?" Na kweli, siku moja alishinda kwa mbili na saba. Ushindi ule ndio uliomharibu. Vifungo vyake vikaisha, akaanza kuchota kwenye kopo la vifungo la mama, kimoja kimoja, hadi likabaki tupu.

Juzi akaona kisahani kando ya cherehani, na ndani yake vifungo sita vya shaba. Vilikuwa vya mlinzi wa ghala, aliyefiwa na kaka yake. Alivikata mwenyewe kwenye koti kuukuu la marehemu, akamwomba mama avishone kwenye koti lake jipya, alivae mazishini. Chiriku alikuwepo. Alimsikia kwa masikio yake akisema, "Mama fundi, hivi havinunuliki."

Akachukua kimoja. Kikaenda. Akachukua cha pili akikomboe cha kwanza, nacho kikaenda. Kufika jana jioni, kisahani kitupu.

Leo mchana mama kaketi ashone. Akatazama kisahani, akatazama chini, akatutazama sisi.

"Nani kagusa hapa?"

Chiriku akauma ukosi wa shati. Kisha machozi. "Mama, ni mimi. Nilisema kifungo kimoja tu."

"Kifungo kimoja? Mwanangu, kuna watu wako jela wanalia kwa kifungo kimoja!"

Kicheko kilinifika kooni, nikauona uso wa mama, kikarudi kilikotoka. Alilikunja lile koti jipya la mlinzi, akaliweka mapajani. "Mlinzi anakuja saa kumi," alisema taratibu. "Nitamwambia nini? Kwamba kaka yake amechezewa karata? Nani ataniachia nguo yake tena?"

Tukaenda kwa kinyozi, watatu. Kimya aliposikia vifungo ni vya nani, hakubishana. Alimwaga mezani mfuko wa vifungo alivyoshinda, akachambua. Vitano.

"Kimoja kilidondoka jana humu dukani," alisema. "Nimekitafuta sana."

Kinyozi akasimamisha wembe, akainua viti, akafagia nywele zote. Hakuna. Kimya akamnong'oneza Chiriku, "Mwenzangu, nilikuwa najua huna karata nzuri. Mbona hukuwa unakunja?"

"Nilikuwa naogopa kukosa."

Saa kumi, tumesharudi nyumbani, mlinzi akaingia, macho mekundu. Mama alifungua kinywa, lakini Chiriku alishapita mbele.

"Shikamoo, baba. Kimoja kimepotea. Nilivichukua mimi kuchezea karata. Mama hakujua."

"Marahaba," alijibu mlinzi, polepole. Akaketi. Akavipanga vile vitano kwenye kiganja, akavigeuza kimoja kimoja.

"Imeniuma, mwanangu," akasema. "Nisikufiche." Akapangusa kimoja kwa kidole. "Ila kaka yangu alikuwa na shingo nene. Kile cha juu hakukifunga hata siku ya harusi yake. Mama fundi, shona hivi vitano. Pale juu paache wazi, watu watamkumbuka."

Alipotoka kwenda kungoja barazani, mama alimvuta Chiriku karibu.

"Sikia. Karata mbovu hukuichagua, umegawiwa. Kuing'ang'ania ndiko ulikochagua. Kila ulipoingia ulitazama kile kimoja ulichoweka, hukuhesabu ulivyoweka jana na juzi. Tena ukaweka cha mwenzio. Asiyejua kuacha kidogo, ataachishwa kikubwa. Leo umemwambia mlinzi kweli kabla hajakuuliza. Anzia hapo."

"Ndiyo, mama. Nimekoma."

Na sasa hivi, mama anapiga pasi lile koti, mlinzi kachungulia mlangoni. Anataka Chiriku aende kwake kesho asubuhi kabla ya mazishi, amfungie vile vitano kwa mikono yake mwenyewe. Mtoto wa watu kaitikia kwa kichwa. Nitakuwa nimesimama nyuma yake. Kesho mkiniona narudi, nizuieni hapohapo njiani, niwaambie kama mikono ilimtii.