Vidonge Vilivyotiwa Chokaani

Kila asubuhi Usi hutoka Jang'ombe kwa miguu mpaka Mji Mkongwe. Ni fundi wa kuta. Kazi yake kupiga lipu ya chokaa majumba ya zamani, juu kabisa, kwenye majukwaa ya miti.

Mkewe, Mwamvua, alifariki kwa UKIMWI. Mara mbili alikwenda kupima. Mara mbili aliambiwa vipimo vimekwisha, na wakubwa wako semina. Alipokuja kupimwa, mwili umeshakwisha. Usi naye akakutwa na virusi, akaanza dawa. Tangu hapo, akisikia daktari hukunja uso.

Mwaka huu Usi aliingia kwenye utafiti. Watafiti wanalinganisha dawa mpya na ya zamani, wajue ipi inafaa zaidi. Yeye aliangukia dawa mpya, akapewa kopo la vidonge, kimoja kila asubuhi. Kila mwezi hulirudisha, na vilivyobaki huhesabiwa.

Lakini kidonge kile kilimtia kizunguzungu. Kizunguzungu juu ya jukwaa ni kifo. Basi siku za kazi akawa hanywi.

"Unaendelea vizuri, Mzee?" daktari kijana alimuuliza huku anaandika, hata macho hakuinua.

"Vizuri," Usi akajibu. Moyoni alisema: nimwambie nini huyu?

Kila ikikaribia siku ya kliniki, vidonge vilivyozidi alivitia kwenye shimo la chokaa, ili hesabu ikae sawa.

Mwezi wa nne wa utafiti, Saadiya, muuguzi wa utafiti, alipiga simu akaomba kuja nyumbani. Alikuja na buibui lake, bila ya gari la kazini, majirani wasijue.

"Shikamoo, Mzee Usi."

"Marahaba. Umekuja kunikamata?"

"Kwa lipi? Damu yako inaonesha virusi vimepanda. Kopo linaonesha unakunywa kila siku. Kimoja kinanidanganya."

Binti wa Usi, Khairiya, alikuwa anachagua mchele. Akaweka ungo chini.

Usi akasema, "Vinanitia kizunguzungu. Nnavitia chokaani."

"Mama nshamzika," Khairiya alisema taratibu. "Na wewe unataka nikuzike?"

"Mama yako kauliwa na semina zao," Usi akafoka. "Leo dawa zao wananijaribia mimi, halafu mwenye makosa nimekuwa mimi."

Saadiya hakugombana naye. "La mama Khairiya una haki nalo. Na kutokukuuliza vizuri ni kosa letu, nitamwambia daktari hivyo hivyo. Lakini nisikilize. Dawa ukiirukaruka, virusi vinaizoea, halafu haikufai tena. Na ukituonesha umekunywa na hukunywa, tutaandika dawa haifanyi kazi. Mgonjwa wa Matemwe ataikosa kwa sababu ya chokaa yako."

"Na nikijitoa?"

"Hukuuzwa. Unarudi kwenye dawa yako ya zamani, wala hakuna atakayekununia."

"Kununa mnajua sana nyinyi."

Khairiya akacheka kidogo, machozi yakiwa karibu.

"Na nikibaki?"

"Useme kila linalokuudhi. Linaandikwa. Ndiyo kazi yenyewe ya utafiti, kujua dawa inasaidia wapi na inaudhi wapi."

Usi akabaki. Alipimwa tena, ikaonekana bahati yake, virusi bado havijaizoea dawa. Daktari akamwambia anywe wakati wa kulala, na kwa wiki ya kwanza asipande jukwaani. Wagonjwa wengine nao wakaulizwa upya. Watano walikuwa na kizunguzungu kile kile, wamenyamaza.

Baada ya miezi mitatu, virusi vilishuka hata kipimo hakikuviona.

"Bado vimo mwilini," Saadiya alimkumbusha. "Dawa haiachwi."

Siku hiyo Usi aliweka kopo juu ya meza. Ndani mlikuwa na vidonge viwili vya ziada.

"Hivi sikunywa," alimwambia daktari. "Nlikuwa msibani Kizimkazi, kopo nkalisahau nyumbani. Andika."

Daktari kijana akaweka kalamu chini, akamtazama usoni.

"Pole, Mzee. Nani amefariki?"

Usi akavuta kiti, akaanza kumweleza.