Siku Aliyomkana Nyanyake

"Kahonzi!"

Sauti ile aliijua hata katikati ya kelele za soko la Gongoni. Joram, mpenzi wake wa Mtwapa, alisimama karibu na wauza samaki, amevaa ovaroli ya buluu. Alikuwa ametumwa kutengeneza pampu za mashamba ya chumvi.

"Mbona hukuniambia uko huku, mrembo wangu?"

Kahonzi alikuwa amevaa gauni jipya la manjano. Ubavuni mwake alisimama nyanyake, leso zimepauka, miguu imechanika kwa miaka mingi ya kukwangua chumvi. Na kwa miezi minane Kahonzi alikuwa amemwambia Joram kwamba kwao ni Malindi mjini, nyumba ya ghorofa.

"Shikamoo, mama," Joram alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Ni nani huyu, mpenzi?"

"Ni... mama mmoja tu. Namsaidia mzigo."

Nyanya alimtazama mara moja. Akauchukua mfuko wa unga mkononi mwa Kahonzi, taratibu.

"Ahsante, binti. Hapa panatosha."

Akaenda zake peke yake, juani.

Nyumbani, Kahonzi alikuta amewekewa sima na mboga. Babu yake, Mzee Dzombo, aliuliza mbona wamerudi mbalimbali.

"Mwana amekutana na mwenzake," nyanya alijibu. Hakusema zaidi.

Kahonzi akalirudisha tonge sahanini. Akatoka nje, akapiga simu.

"Joram, yule mama ni nyanyangu. Ndiye aliyenilea."



"Niliona haya," akaongeza.

"Na mimi fundi wa pampu, ukiwa mbele ya wakubwa utasema mimi ni nani?"

 Joram akakata simu.

Asubuhi alimkuta nyanya akifagia uani. Akapiga magoti vumbini.

"Hawe, nyanya yangu, nisamehe."

"Nimekusikia, mwanangu. Lakini bado inaniuma. Niache iniume kidogo."

Ufagio ukaendelea.

Saa nne Joram alibisha hodi, ameuliza njia hadi akafika. Mkononi alikuwa na sukari. Usoni hakuwa na tabasamu. Wazee wote wawili walimtazama Kahonzi.

"Joram," Kahonzi alisema, "huyu ni nyanyangu, Easter. Na huyu ni babu yangu."

"Na kijana ni nani?" nyanya aliuliza.

"Alikuwa mpenzi wangu. Leo sijui."

Joram akavua viatu. "Tutazungumza, Kahonzi. Kwanza niwaamkie wazee."

Akaingia, akatandikiwa mkeka. Kahonzi alibaki nje, machozi yakimtiririka, hakuthubutu kuvuka kizingiti. Ndani walisalimiana, wakaulizana habari za safari. Kisha akaisikia sauti ya nyanyake, kavu lakini si kali:

"Na wewe, ingia. Mgeni wako hajapewa chai."