Glovu za Joram

Yaliyompata Veneranda wa Nyamwaga majirani tunayajua vizuri, maana mayowe yake tuliyasikia kwa masikio yetu. Ilikuwa Jumapili ya kawaida tu. Alikuwa ameanika mahindi uani, amepika uji wa ulezi, anamnywesha mumewe kitandani.

Mumewe, Joram, alikuwa kipa wa Chuma FC, timu iliyotoka mchangani hapa hapa kwetu ikapanda hadi Daraja la Kwanza. Halafu, katikati ya msimu, mwenyekiti Heche akaiuza nafasi yake ya ligi kwa matajiri wa mkoa mwingine. Wachezaji walisikia redioni. Timu ikafa, na Joram akaanguka kitandani wiki ile ile. Hospitali zote zilisema hana ugonjwa.

Saa kumi jioni, muda wa mechi, akaanza. Akajirusha kulia. Akajirusha kushoto. Akaanguka sakafuni amefumba macho. Kila Jumapili ilikuwa hivyo, na Veneranda alishazoea kumnyanyua. Lakini siku hiyo mgongoni mwake alikuta alama za njumu. Mbichi, zinatoka damu.

"Nani kakukanyaga?" alinong'ona.

"Refa hajapuliza bado," Joram akajibu, naye yuko usingizini.

Miaka yote saba Veneranda alikuwa analia tu. Safari hii machozi yalikataa. Mume wake alikuwa anakufa na mtu wa kuulizwa alikuwepo, ananenepa. Akabeba jembe, akaenda.

Alimkuta Heche kando ya uwanja, kwenye iliyokuwa ofisi ya klabu. Siku hizi ni ghala lake la mahindi.

"Hata shikamoo hakuna, Veneranda?"

"Shikamoo kawaombe uliowauzia timu. Mlimfanya nini mume wangu?"

Heche alitupa jicho ukutani, kisha akaliondoa haraka. Ukuta ule tunaujua wote. Kila msimu ulipokwisha, Heche aliandika kwa mkono wake, kwa rangi nyekundu: 2015/16, mabingwa wa mkoa. 2016/17, Daraja la Pili, wa nne. 2017/18, wa kwanza, tumepanda! Hapo ndipo maandishi yalipokoma, kwa sababu msimu uliofuata aliuza.

Veneranda akavuta magunia yaliyopangwa ukutani. Nyuma yake maandishi yaliendelea. 2018/19, wa tisa. 2019/20, wa saba. Mwaka jana, wa pili. Timu isiyokuwepo ilikuwa inapanda, na kila ilipopanda Joram alizidi kukonda.

"Umeandika wewe?"

"Mwandiko ni wangu." Heche akasogea mbali na ukuta. "Lakini sijashika brashi tangu niuze. Ndiyo maana nikaziba na magunia."

Akamwaga yote kwa sauti ya chini. Chuma FC ilikuwa na kamati ya ufundi, na ufundi wenyewe kila mpenda mpira anaujua. Waliiba glovu za Joram, wakazifukia chini ya mstari wa goli ili mpira usipite. Mganga aliwapa sharti moja: msimu ukiisha, mwenyekiti azifukue, amrudishie mwenyewe.

"Kwa hiyo?"

"Msimu haukuisha. Niliuza katikati."

"Mkamfukia mtu hai, ukaenda kula!" Veneranda akamtupia jembe kifuani. "Chimba."

Uwanja ulikuwa mtupu. Ng'ombe waliokuwa wakichungwa pembeni waliacha kula. Wote. Heche akachimba. Upepo haukuwepo. Mlingoti wa goli ukalia, ukatetemeka. Hapakuwa na mpira. Ukalia tena.

Jembe likagusa kitu laini.

Glovu. Miaka saba ardhini, haijaoza. Ilikuwa na joto. Ilikuwa na jasho. Heche alipoishika, vidole vyake vikabanwa, akapiga kelele. Veneranda akaivuta kwa nguvu hadi ikaachia. Ilikuwa ya kushoto.

"Nyingine iko wapi?"



"Wanunuzi walisema bila kipa hawanunui," Heche akanong'ona. "Ya kulia niliifukua, nikawapa."

"Wameifukia wapi?"

"Sijui, mama. Nao wameshaiuza timu."

Ndipo tuliposikia mayowe ya Veneranda. Yakafuatiwa na kofi lililosikika hadi barabarani, na hakuna aliyemlaumu.

Nyumbani alimkuta Joram ameketi, mikono yote miwili juu, vidole vimekunjamana. Akamvalisha ile glovu, na mkono wa kushoto ukafunguka. Aliomba maji, akashika kikombe mwenyewe, akamwita mkewe jina lake kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba. Veneranda akaangua kilio. Lakini mkono wa kulia ulibaki juu, umekakamaa, unausukuma mpira asiouona mtu.

Kesho yake tulikwenda ghalani tukamkosa Heche. Hajaonekana hadi leo. Ukutani palikuwa na mstari mpya, rangi haijakauka: 2025/26. Nafasi haikuandikwa. Pale ilipopaswa kuwepo, palikuwa na alama ya kiganja cha glovu. Cha kulia.